Siku tatu kando ya bahari, na mume wangu hakutaka kusimama

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, na ndoa yetu ina miaka 11. Barabara tuliyopita sitaitaja, maana wanaotufahamu wakisoma watatujua mara moja. Ni ile inayofuata mwambao, mlima upande mmoja na bahari upande wa pili, kilomita 640 toka mwanzo hadi mwisho. Tangu uchumba wetu tulikuwa tukisema ipo siku tutaipita sisi wawili tu. Mwaka huu mama yangu akakubali kubaki na watoto, tukakodi gari, tukapanga siku 3.

Niliiandaa safari ile kwa miezi mitatu. Watoto wakishalala, mimi nakaa na simu natafuta: wapi pana mnara wa taa, wapi unaweza kushuka hadi ufukweni kwa miguu, wapi pomboo huonekana, pango gani linaingilika. Nikapata vituo 19. Nikampelekea mume wangu orodha yote, akajibu neno moja, "Sawa." Nikafurahi, nikajua tumekubaliana.

Shangazi, katika vituo 19 tulisimama 4. Mara nyingine zote aliposimamisha gari ilikuwa kujaza mafuta au kwenda msalani. Kila nikisema "Simama hapo!" yeye anajibu "Tumeshapita." Mnara wa taa, tumeshapita. Lile daraja kubwa nililoliota miezi yote mitatu, tumeshapita. Mahali pa kuegesha palikuwa ng'ambo, upande wa bahari, nasi tulikuwa upande wa mlima, akasema hawezi kukatiza mbele ya magari yanayokuja. Akawa anaendesha kama mtu anayewahi kazini. Ameshika usukani kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa, shingo haigeuki. Nikimwambia tazama maji yale yalivyo, anaitikia "Mmh," macho yako mbele.

Siku ya pili tukafika kwenye pango saa 9 alasiri, tukakuta maji yamejaa na mlango wa pango wote umezama. Nililia. Nikamwambia tungeondoka alfajiri kama nilivyotaka tungeliwahi. Akanijibu neno ambalo linaniuma hadi leo: "Wewe umekuja kuwa na mimi au umekuja kupiga picha?" Siku ya tatu tulikwenda karibu saa 4 nzima hatusemeshani, redio ndiyo ikawa inaongea.

Usiku wa mwisho niko kitandani napitia picha, akaomba azione. Akafika kwenye ile ya daraja, niliyoipiga dirishani kabla hatujalifikia. Akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia ni daraja tulilolipita jana asubuhi. Akanirudishia simu, akasema, "Mimi bahari yenyewe sijaiona," akageukia ukutani. Nikajua amenipiga kijembe.

Imepita miezi miwili. Sasa yeye mwenyewe anataka tuirudie safari hiyo tukitimiza miaka 12, na sielewi anataka nini. Dada yangu anapenda kusimama njiani kama mimi, na moyo unanituma niende naye. Leseni ninayo na ninaendesha vizuri, ila nikiwa na mume wangu yeye ndiye dereva siku zote. Je, nirudie naye niumie tena, au niende na dada? Na mtu asiyeweza kunisimamia dakika 10, bado ananipenda kweli?

Mama wa Wawili

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: kwenye picha ya daraja.

Mtu aliyelipita daraja jana asubuhi, akaonyeshwa picha yake leo usiku, akauliza ni wapi. Wewe ulisikia kijembe. Mimi nimesikia mtu anayesema kweli, tena kweli inayomuuma. Mumeo alikuzungusha kilomita 640 kando ya bahari na bahari hakuiona. Wewe uliiona kwa dirisha, yeye aliiona kwenye simu yako, usiku, siku safari ilipokwisha.

Nikueleze kwa nini. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, linakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukigeuza shingo uyatazame maji kwa sekunde mbili tu, umekwenda zaidi ya mita 30 bila kuiona barabara. Kwenye barabara iliyonyooka pengine hutadhurika. Kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona inakungoja ndani ya mita hizo 30. Afrika Kusini, karibu na Cape Town, iko barabara iitwayo Chapman's Peak Drive, iliyofunguliwa mwaka 1922. Ina urefu wa kilomita 9 na kona 114. Gawanya mwenyewe: ni kona moja kila mita 79 hivi. Hata dereva akienda pole, kilomita 40 kwa saa, kila baada ya sekunde 7 anakata kona nyingine. Aliyekaa pembeni yake anaiona Atlantiki yote imetandazwa chini yake. Dereva anauona mstari wa katikati ya barabara.

Vidole vilivyokakamaa uliviona, ukavisoma kuwa ni hasira au haraka. Mimi naviona ni vidole vya mtu aliyembeba mama wa watoto wake kwenye barabara asiyoizoea, katika gari asilolizoea, akihesabu kona. Pale aliposema "Tumeshapita," mara nyingi ilikuwa hivyo hasa. Ulipokuwa unasema "Simama hapo," hapo palikuwa tayari pako nyuma, na gari la nyuma limemkaribia. Dereva anahitaji kuambiwa mapema: kilomita moja kabla, halafu nusu kilomita, halafu "ni baada ya kona hii, upande wetu." Hiyo ni kazi ya aliyeshika ramani, na kwa miezi mitatu aliyeijua ramani hiyo alikuwa wewe.

Hilo la daraja lina jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka wafike. Ukiwa juu ya daraja, hulioni. Pale Big Sur, California, pana daraja la zege la Bixby lililokamilika mwaka 1932, tao lake limesimama juu ya bonde kwa zaidi ya mita 79, na picha zake zimezagaa dunia nzima. Picha hizo hupigwa na watu walioegesha kando, kabla au baada ya kulivuka. Anayelivuka anaona ukingo wa zege huku na huku, sekunde chache, basi. Kwa hiyo mumeo hakusema uongo wala hakuwa amesahau. Yeye alipita juu ya barabara, na barabara zinafanana.

Sasa nisije nikamtetea kupita kiasi. Alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza tu, kwenye kituo cha mafuta, angeweza kusema, "Mke wangu, barabara hii inanitisha, nisaidie." Hakusema. Alinyamaza, akakaza, na alipochoka akakurushia lile neno la picha, neno lililokugeuza wewe uliyeandaa kila kitu kuwa mgeni kwenye safari yako mwenyewe. Je, wewe unadaiwa maelezo hapo? Hapana, yeye ndiye anayedaiwa kukuomba msamaha, na umwambie hivyo kabla hamjapanga chochote. Mwambie kwa utulivu, mkiwa nyumbani: neno lile liliniuma kwa sababu orodha ile niliiandika nikikuwaza wewe. Nina hakika hajui kwamba uliiandika usiku watoto wakilala. Alipokea majina 19 kwenye simu, akajibu "Sawa" kama anavyojibu ujumbe wa kununua sabuni.

Na orodha yenyewe, mwanangu, haikuwezekana. Nimekaa na kalamu. Kituo kimoja, ukitaka kushuka, kutembea kidogo, kutazama na kurudi garini, hakipungui dakika 40. Mara 19 ni saa 12 na dakika 40. Barabara ya kona nyingi, ukipata wastani wa kilomita 50 kwa saa umebahatika, kwa hiyo kilomita 640 ni karibu saa 13 za kuendesha. Jumla inazidi saa 25. Gawanya kwa siku 3, kila siku ina saa 8 na nusu, na hapo hamjala, hamjakwama nyuma ya lori, hamjapotea. Yeye alikuwa anaiona hesabu hiyo kichwani kila ukimwambia simama, kwa kuwa ndiye ambaye angeendesha kona zile gizani kama mngechelewa.

Chukueni siku 5 au 6. Kama hamna siku hizo, punguzeni barabara: pitieni kilomita 250 zilizo nzuri zaidi, nyingine muziache. Hakuna anayekupa cheti kwa kuimaliza barabara. Ile Great Ocean Road ya Australia ina kilomita 243 tu, na ilijengwa kwa mikono kati ya mwaka 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kama kumbukumbu ya wenzao waliokufa. Miaka 13 ya sururu na baruti. Wako watu wanaoikimbia yote kwa siku moja, kwenda na kurudi Melbourne, na wakifika kwao hawawezi kukuambia walichokiona.

Vituo visizidi 3 kwa siku. Viwili chagueni pamoja, mkiwa mmekaa meza moja, kila mmoja akieleza kwa nini anakitaka. Cha tatu msikiandike popote. Hicho ni cha kuonekana njiani, na ningependa kiwe chake: siku akisema "hapa," mnasimama, hata kama wewe huoni cha kutazama.

Lile pango nalo limenisikitisha, kwa sababu mligombana juu ya kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekisababisha. Mlifika saa 9 alasiri maji yamejaa. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Ina maana siku ile maji yalikuwa yamekupwa kabisa kama saa 3 kasorobo asubuhi, na kurudi kupwa tena kama saa 3 usiku, giza totoro. Hata mngeondoka alfajiri, kwa barabara ile mngelifikia maji yameanza kupanda, na kuingia pangoni maji yakipanda ni kujitafutia maafa. Mngelala karibu na pango usiku ule, kesho yake kama saa 3 na nusu asubuhi lingekuwa wazi mbele yenu. Ratiba za kupwa na kujaa huchapishwa mapema, mwaka mzima, kwa kila mwambao unaotembelewa. Anza na ratiba hiyo, kisha ndipo upange mtalala wapi. Ukipata siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au unapoandama, maji hukupwa mbali zaidi na mapango mengi hufikika. Jua tu kwamba siku hizohizo hujaa sana pia. Ufaransa iko barabara inayoitwa Passage du Gois, njia ya kwenda kisiwa cha Noirmoutier, ambayo bahari huifunika mara mbili kila siku. Imewekewa nguzo ndefu za kukwea, kwa ajili ya wale waliodhani watawahi.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo, kama ungelijua, safari yenu ingekuwa nyingine kabisa. Mliianzia barabara upande usiofaa.

Umesema mlikuwa upande wa mlima, na maegesho yote yako ng'ambo. Kila kituo chako kilimtaka akatize mbele ya magari yanayokuja, kisha akatize tena kurudi, penye kona. Mimi mwenyewe nisingesimama. Wanaoijua barabara ya pwani ya California huianzia kaskazini wakashuka kusini, kwa kuwa kule magari hupita kulia na bahari huwa upande wao. Australia wanaopita kushoto huianza ile Great Ocean Road kwenye mji wa Torquay kwenda magharibi, kwa sababu hiyohiyo. Safari ijayo anzieni pale mlipomalizia. Maegesho yatakuwa mkononi mwenu, kuingia na kutoka bila kukatiza. Na dirisha la abiria wa mbele litakuwa ndilo la baharini, hakuna gari linalopita kati yake na maji.

Dirisha hilo lisiwe lako peke yako. Unayo leseni na unaendesha vizuri, umesema mwenyewe. Kwa nini ukiwa naye huendeshi? Sikulaumu, nyumba nyingi ziko hivyo, mwanamume akiwemo garini usukani ni wake bila mtu kuuliza. Ila safari hii muulize. Kanuni za barabarani za Uingereza zinashauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa 2. Mapumziko hayo yafanyeni kuwa zamu: akishuka yeye, unapanda wewe. Siku ya kwanza chukua kipande chenye mandhari kuliko vyote, hasa kile cha daraja. Usimwachie vipande vya katikati ya mji huku vizuri ukivitazama wewe. Utaendesha, utaziona kona, vidole vyako vitakakamaa, na utasikia mtu wa pembeni anasema "Tazama maji yale!" Naye atakuwa anayatazama.

Akiwa ni mtu wa kuogopa kimo, dirisha la baharini linaweza kumtisha kuliko usukani, kwa hiyo muulize kwanza. Wako wanaume wanaoona afadhali washike usukani kuliko kutazama chini, na hawatasema mpaka waulizwe na mtu wanayemwamini.

Mengine ni madogo. Hakikisheni barabara iko wazi siku chache kabla ya kuondoka, kwa maana barabara za mwambao huporomokewa na mlima: ile ya Big Sur iliangukiwa mwezi Mei 2017 na haikupitika tena moja kwa moja hadi Julai 2018. Pakueni ramani kwenye simu mapema, nyuma ya milima mtandao hukatika. Jazeni mafuta kila mnapoona kituo. Mwambao ukielekea magharibi, alasiri jua litawapiga machoni, basi saa hizo ndizo za kuwa mmeegesha.

Umeniuliza kama mtu asiyeweza kusimama dakika 10 bado anakupenda. Huyu alikuwa anataka kukufikisha salama, akashindwa kukuambia kwamba anaogopa. Na miezi miwili baada ya safari mliyogombana, ndiye aliyesema turudi. Hakuna aliyemlazimisha. Nadhani anataka kuliona lile daraja.

Dada yako nenda naye, tena mwende sana, mahali pengine, msimame kila mnapotaka. Barabara hii mlisema tangu uchumba kwamba ni ya nyinyi wawili.

Leo jioni mwombe akueleze alikuwa anawaza nini kwenye kona zile. Msikilize hadi mwisho. Kisha fungueni ratiba ya maji pamoja, mtafute juma ambalo maji hukupwa asubuhi, na mkienda kukodi gari mseme mapema kwamba madereva ni wawili. Gari likiendeshwa na mtu ambaye hakuandikwa, bima inaweza kukataa kulipa. Jina lako lisikosekane kwenye mkataba.